Zilizokataliwa Ni Karatasi

Katika miaka ya karibuni limezuka mijini kwetu kundi la wafanyakazi ambao hata jirani zao hawajui hasa kazi yao ni ipi. Hawagombei daladala alfajiri, hawavai sare, wala hawana king'ora cha kuwaita zamu. Hukaa chumbani mbele ya kompyuta, mlango umeshindikwa, wakitunga programu, wakiandika hesabu za maduka, au wakijibu maswali ya wateja wa kampuni iliyo ng'ambo ambayo pengine hawatakanyaga ofisi yake maisha yao yote. Mwisho wa mwezi ujira wao huingia benki kwa fedha za kigeni. Mtaani husemwa, "Yule hana kazi, ila fedha anazo."

Mdogo wangu wa kiume, ambaye tumefuatana kuzaliwa, ni mmoja wa watu hao. Habari zake naziandika kwa ridhaa yake na ya mkewe, kwa kuwa jambo lililowafika mwaka 2024 laweza kuifika nyumba yoyote yenye kijana wa kazi hizi. Waliomba viza ya kwenda kuishi ng'ambo kwa mwaka mmoja, wakanyimwa. Nchi yenyewe sitaitaja. Shabaha yangu si kuishitaki serikali ya watu wengine, bali ni kutazama jinsi kipande kimoja cha karatasi kinavyoweza kuitikisa nyumba, na jinsi nyumba inavyoweza kusimama tena.

VIZA YA KUKAA, SI YA KUTAFUTA

Zamani kijana wa Dar es Salaam aliyetamani ng'ambo alikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa masomo, na aliyeupata alisindikizwa na ukoo mzima hadi uwanja wa ndege. Wa pili ulikuwa bandari, na wako waliozamia meli bila kujua zinaelekea wapi, wengine wasirudi. Wote hao walikwenda kutafuta: huyu elimu, yule riziki.

Mfanyakazi wa mtandaoni hafanani nao. Riziki yake anayo tayari, na huibeba mkobani pamoja na kompyuta yake. Haombi nafasi ya kazi ya mwenyeji. Anaomba ruhusa ya kukaa, kupanga nyumba, kununua mkate dukani, na kuendelea na kazi ile ile aliyokuwa akiifanya Tabata.

Kazi hizi ziliwezekana kwetu baada ya mikongo ya mawasiliano kupita chini ya bahari na kufika pwani yetu, wa SEACOM mwaka 2009 na wa EASSy mwaka 2010. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, makampuni ya dunia nzima yakajifunza kwa lazima kwamba mtu aweza kufanya kazi bila kuonekana ofisini. Nchi zilizopoteza watalii zikaona hapo pana biashara. Barbados na Estonia zilianza kutoa viza za wafanyakazi wa namna hii mwaka huo huo wa 2020, na Morisi nayo ikafuata kabla mwaka haujakwisha. Ugiriki ilitunga sheria yake mwaka 2021, Ureno na Namibia zikafungua mlango mwaka 2022, na Hispania ikapitisha sheria yake Desemba 2022.

Masharti yake hayapishani sana. Mwombaji huonyesha mkataba na mwajiri aliye nje ya nchi anayokwenda, kipato cha kila mwezi kisichopungua kiwango kilichowekwa, bima ya afya, mahali pa kukaa, na hati ya polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu. Kiwango cha kipato ndicho kizingiti kikubwa. Ureno hudai mara nne ya kima chake cha chini cha mshahara, yaani Euro 3,280 kwa mwezi kwa hesabu ya mwaka 2024. Hispania hudai mara mbili ya kima chake. Ugiriki iliweka Euro 3,500. Barani Afrika, Namibia iliweka dola 2,000 za Kimarekani, na Morisi dola 1,500.

Fedha hizo mwananchi wa kawaida husikia kizunguzungu akizisoma. Lakini mdogo wangu alikuwa akilipwa Euro 3,100 kwa mwezi na kampuni ya Ulaya ya kaskazini. Kwa mwaka ule hiyo ilikuwa karibu shilingi milioni tisa. Pale mtaani kwake yeye ni mtu mwenye uwezo. Analipa ada za watoto wa ndugu, na msiba ukitokea jina lake ni la kwanza kwenye daftari la michango. Hapakuwa na aliyefikiri kwamba mtu kama huyo angeambiwa na mtu yeyote kwamba kipato chake hakitoshi.

KWA NINI ALITAKA KWENDA

Wapo watakaouliza: mtu anayepata fedha hizo akiwa kwao anakimbilia nini? Baba yetu, mstaafu wa Shirika la Reli, aliuliza swali hilo hilo, na jibu alilopewa halikuwa la anasa.

Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na mgawo wa umeme. Mfanyakazi wa kiwandani umeme ukikatika hukaa kivulini kusubiri, na mwajiri huona kwa macho kwamba taa zimezimika. Wa mtandaoni umeme ukikatika kwake, mwajiri huona tu kwamba mtu hayupo. Kisha, tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ikapata hitilafu kwa pamoja kusini mwa bara, na intaneti katika Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Siku hizo mdogo wangu alizunguka mjini na kompyuta yake kama mgonjwa anayetafuta hospitali yenye dawa. Alijaribu hoteli, akajaribu ofisi ya rafiki, akapanda hadi juu ya paa la ghorofa. Kazi iliyotakiwa Jumatano ilifika Ijumaa. Kampuni haikumgombeza. Ilimwuliza kwa upole kama anaweza kuhakikisha kwamba atapatikana. Swali la upole kutoka kwa mtu anayeweza kukukatia mkataba kwa taarifa ya siku 30 linatisha kuliko ukali.

Basi akaamua kuhama kwa mwaka mmoja yeye, mkewe na binti yao wa miaka sita, waende mahali ambapo umeme na mtandao si jambo la kuombea dua. Maombi yalipelekwa mwezi wa Agosti. Vyeti vilithibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, vikatafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa, bima ikalipiwa, na ada ya viza, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa, ikalipwa. Kwa jumla zilikwenda shilingi 3,800,000.

BARUA YENYEWE

Jibu lilikuja Novemba. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja katika lugha ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aijuaye, ila neno la kukataa halihitaji mkalimani. Mdogo wangu aliikunja akaiweka chini ya kompyuta, na kwa siku nne hakumwambia mtu nje ya nyumba yake. Siku ya tano aliniletea mimi. Alijua kwamba mwandishi wa habari hula kwa kusoma karatasi za watu.

Katika chuo cha uandishi tulifundishwa kuiuliza kila habari maswali yale yale: nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Barua ya kukataliwa yafaa isomwe hivyo hivyo, kwa kuwa mtu aliyeumia husoma neno moja tu, "hapana", na mengine yote humpita. Tuliitafsirisha, tukaisoma polepole. Haikusema kwamba mdogo wangu ni mwongo, wala kwamba ni mhalifu, wala kwamba amepigwa marufuku. Ilisema mambo mawili.

La kwanza, kipato chake kilikuwa kinamtosha yeye mwenyewe lakini hakikuwatosha watu watatu. Nchi nyingi huongeza kiwango kwa kila mtu anayefuatana na mwombaji. Chukua mfano wa Ugiriki: mke huongeza asilimia 20 na kila mtoto asilimia 15, hivyo zile Euro 3,500 za mtu mmoja huwa 4,725 kwa baba, mama na mtoto mmoja. Namibia nayo huongeza dola 1,000 kwa mke au mume na dola 500 kwa kila mtoto. Kwa kanuni ya namna hiyo mdogo wangu alikuwa amepungukiwa karibu Euro 800.

La pili lilihusu hifadhi ya jamii. Mkataba wake haukuwa wa ajira. Ulikuwa wa mtu anayejitegemea na kuuza huduma yake. Kampuni haimkatii mchango wa uzeeni wala wa matibabu, na yeye mwenyewe hakuwa mwanachama wa mfuko wowote. Serikali ile ikauliza: mtu huyu akiugua au akivunjika mguu, mzigo ni wa nani? Tukubali kwamba hilo si swali la kipuuzi. Mgeni anayekaa nchi ya watu kwa zaidi ya nusu mwaka huhesabiwa mahali pengi kuwa mkazi hata kwa mambo ya kodi, na mwenyeji ana haki ya kujua anamkaribisha nani na kwa masharti gani. Sisi wenyewe tungeuliza.

Jioni ile baba aliposomewa alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza mwanawe, "Wamekukataa wewe, au wamekataa karatasi zako?"

"Karatasi, baba."

"Basi usitembee umeinamisha kichwa kama aliyefumaniwa. Karatasi huandikwa upya."

WALIOBAKI NA MIZIGO

Ingekuwa mambo yameishia hapo, nisingekuwa na haja ya kuandika. Hasara ya shilingi 3,800,000 inauma lakini inahesabika. Iliyokuwa nzito zaidi haikuletwa na ubalozi. Tangu Septemba, wakati maombi yako mezani kwa watu, nyumba ilikuwa imekwisha kuanza kuhama. Notisi ya kuachia nyumba ilikuwa imetolewa, makochi yameuzwa, na mtoto hakulipiwa ada ya muhula uliofuata. Na wifi yangu, mwalimu wa watoto wadogo katika shule moja ya binafsi kwa miaka saba, alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwenye nyumba alikubali kuwaachia waendelee, kwa kodi iliyopanda. Makochi yalinunuliwa mengine. Lakini nafasi ya ualimu ilikuwa imekwisha kupata mtu, na kwa haki kabisa, kwani shule haiwezi kuwaacha watoto bila mwalimu. Mwezi wa Januari wifi yangu alipata kazi nyingine, mbali zaidi, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa mshahara pungufu.

Siku moja tukichambua mchele uani kwake nilimwambia maneno ya kumpoza, kwamba yote ni mipango ya Mungu. Hakukasirika. Alisema, "Wifi, Mungu simlaumu. Tangu mwanzo hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda. Niliulizwa kama nimefungasha."

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu. Katika nyumba nyingi zetu mwenye kipato kikubwa ndiye huwa na sauti ya safari, na wengine huwa mizigo yake. Mume hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hakika mno ya jibu. Lakini ile kazi ndogo ya ualimu, ambayo mbele ya Euro 3,100 ilionekana kama si kitu, ndiyo iliyokuwa na mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi, ndiyo iliyokuwa na mkataba wa kudumu, na ndiyo iliyokuwa imempa mkewe jina lake mwenyewe mtaani: Mwalimu. Kitu hicho hakikuingizwa katika hesabu, kwa sababu hesabu ilipigwa na mtu mmoja.

VISHOKA NA USHAURI WA BURE

Habari ya kunyimwa viza haifichiki, na ikishatoka huvuta watu kama nzi kwenye embe. Wa kwanza walikuwa washauri wa bure. Mmoja alisema, "Mwambie aende kwa viza ya kitalii, afanye kazi yake chumbani, nani atamwona?" Yafaa ieleweke kwamba viza ya matembezi kwa nchi za mkataba wa Schengen haizidi siku 90 katika kila siku 180, na haikutungwa kwa ajili ya kwenda kuishi. Anayeonekana amedanganya nia ya safari yake hupoteza zaidi ya ada. Hupoteza kuaminiwa, na kuaminiwa hakutafsiriwi na mfasiri aliyeapishwa.

Wa pili alikuwa kishoka. Alikuja na suruali iliyopigwa pasi vizuri na simu mbili, akasema ana mtu wake ndani, na kwamba kwa dola 1,500 angetengeneza taarifa ya benki inayoonyesha fedha zilizopungua. Mdogo wangu alimwuliza swali moja: kama ana mtu ndani, taarifa ya uongo ya nini tena? Kishoka akanywa chai yake akaondoka. Nawaomba vijana walikariri swali hilo. Karatasi pungufu huombewa upya, lakini karatasi ya kughushi humfuata mtu miaka mingi, maana balozi huweka kumbukumbu na nyingine huzisomea pamoja.

LA KUFANYA

Kwa waliofikwa na jambo kama hili, nimeona mambo machache yanayosaidia, nami nayatoa kama nilivyoyaona.

Kwanza, tafuta sababu iliyoandikwa na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Siku hizo huhesabika, na mara nyingi hazifiki hata miezi miwili. Pili, jiulize kwa ukweli kama uamuzi ulikosea au karatasi zilipungua. Rufaa ni ya kosa la aliyeamua. Kama hesabu yao ni sahihi, kukata rufaa ni kulipia hasira. Bora kuomba upya baada ya kurekebisha. Mdogo wangu hakukata rufaa, kwa sababu Euro 800 zilipungua kweli. Tatu, ukiomba tena, kwa nchi ile au nyingine, usifiche kwamba uliwahi kunyimwa. Swali hilo huulizwa waziwazi, na jibu la uongo ni sababu mpya ya kukataliwa. Nne, kabla ya kuchagua nchi piga hesabu ya vichwa vyote, si cha mwenye mshahara pekee, na uulize kama raia wa nchi yako wamo katika orodha ya wanaokaribishwa.

Tano, na hili ni kubwa kwa wafanyakazi wote wa mtandaoni hata wasiotaka kusafiri: jisajili katika mfuko wa hifadhi ya jamii. NSSF hupokea wanachama waliojiajiri wanaojichangia wenyewe. Cheti cha mfuko wa kwetu hakikubaliwi kila mahali ng'ambo, kwani nchi nyingine hutaka pawepo mkataba kati ya serikali mbili. Lakini uzee utakuja hata kama viza haikuja. Anayelipwa vizuri leo bila mchango wa kesho anaishi kwa nguvu za macho na vidole vyake tu.

Sita, jambo lililo katika uwezo wa kila nyumba: pasiuzwe kiti wala kuandikwa barua ya kuacha kazi mpaka viza iwe imebandikwa ndani ya pasipoti. Na kabla ya hapo pawe na kikao cha nyumba, ambamo mke ataulizwa kama anataka kwenda, naye awe na ruhusa ya kusema hapana.

Hali yao ya sasa si ya kuhurumiwa. Zile fedha ambazo zingelipa nauli za ndege zimenunua betri kubwa na inveta, pamoja na njia ya pili ya intaneti kutoka kampuni tofauti na ya kwanza. Umeme ukikatika Tabata, taa ya chumba kile haizimiki, na kampuni haijauliza tena swali lake la upole. Mdogo wangu anachangia mfuko kila mwezi. Amemwomba mwajiri amwandikie mkataba unaoeleza wazi malipo na muda, na mwajiri amekubali kwa sehemu.

Kuhusu kuomba tena, hawajaamua. Safari hii, lakini, makaratasi yamewekwa juu ya meza ya kulia chakula, si chini ya kompyuta. Wifi yangu ameyasoma kwa kalamu nyekundu ya kimwalimu, na pembezoni mwa orodha ya masharti ameandika swali lake: huko tuendako, mwalimu wa watoto wadogo anaruhusiwa kufanya kazi? Mumewe amepewa jukumu la kutafuta jibu, na bila jibu hilo hakuna fomu itakayojazwa.